Bado Amesimama

Juzi Bi Zuena alijifunika aliponiona.
Bi Zuena, aliyenichokoa funza kwa pini,
aliyenizaba kofi nilipozipindua nyanya zake,
alivuta leso hadi kwenye nyusi
akageukia ukuta, kama kapita mgeni.
Nikatazama nyuma. Hapakuwa na mtu.
Mgeni ni mimi.

Sauti ilianza kunitoroka mwezi wa Rajabu:
naitika "naam", anatoka mbuzi;
nasoma kwa zamu darasani, linatoka gunia
linaloburutwa sakafuni.
Juu ya mdomo umeota ukungu.
Mama aliupima kwa kidole, akacheka, akanyamaza,
kisha akasema, "Shekuwe, kuanzia leo
wikioni usipite."

Wikio letu ni chumba kilichoning'inia juu ya njia,
huku kwetu, kule kwa Khala Barke na mawifi zake.
Nimekivuka tangu natambaa,
na bakuli la mchuzi, na salamu,
na umbea niliobebeshwa bila kujua maana yake.
Chini walipita punda na mchanga wa kujengea,
na wanaume na mambo yao.
Sasa niko chini. Na punda.

Maktabani, kule ngomeni, niliokota kitabu
kilicholiwa pembe na mchwa.
Ndani mna kijana wa umri wangu, hana jina.
Katoroka kwao, kalala stendi, kala mihogo ya kuokota,
kamchukia kila aliyemwambia "wewe sasa mwanamume".
Ukurasa wa mia na kumi na mbili anarudi.
Usiku. Mlango wa babake.
Anainua mkono abishe

na hapo kitabu kimechanwa.

Hakikuchanika; kimechanwa. Taratibu, kando ya uzi,
kama mtu anayemtoa mtoto mwiba wa samaki kooni.
Nami, nisidanganye, nilifurahi.
Hakuna atakayemfungulia.
Hakuna wa kumwambia njoo ukae huku,
shika kikombe, tuzungumze bei ya saruji.
Mkono juu, usiku ule ule, miaka nenda miaka rudi,
na ndevu hazimpati.

Nyuma mna kadi ya waazimaji.
Jina la mwisho, kwa wino wa kijani:
Barke Athman, kidato cha pili.
Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Nikaenda. Kwa njia ya chini.
Nilibisha hodi tatu, nikasimama kando
nisichungulie ndani, kama nilivyofunzwa,
katika daka nililolikojolea utotoni.

Khala Barke alinifungulia, mama wa watatu,
funguo kiunoni, uteo wa mchele mkononi.
"Khala, kuna kitabu..."
"Kitabu! Mimi na vitabu wapi na wapi, mwanangu."
Akakaa, akapepeta. Akatoa chuya, akatoa changarawe.
Sikumtajia ukurasa. Sikumtajia usiku, wala mkono.
Alikuwa bado kauinamia mchele aliponiuliza,
"Hivi bado amesimama pale mlangoni?"

Uteo ukatulia.
"Bado."
"Haya," akasema. Kisha tena, kwa sauti
ambayo sijawahi kuisikia kwake,
ndogo, ya mtu wa kidato cha pili: "Haya."

Nilitaka kumuuliza kama alisoma kwanza
ndipo akachana, au alichana asisome.
Kama kurasa zimo kashani, chini ya nguo za harusi,
au ziliwashia jiko siku moja ya mvua
na pilau ikaliwa ikasifiwa.
Lakini mawifi walikuwa wanashuka ngazi,
wakikohoa ili niwasikie.
"Nenda kaninunulie ndimu," akasema. "Na ukirudi..."
Hakumaliza. Ningemaliza mimi, sauti ilikataa.

Nimerudi. Ndimu nne, moja ina doa.
Juu ya kichwa changu, wikioni, mtoto anakimbia;
nasikia kijiko kikigonga bakuli,
nasikia mtu akimwambia asimwage.
Mlango huu hapa.
Mkono nimeshauinua.